Kifuniko cha Bakuli la Morioka

Wakesho mwanangu,

Uko kwa msusi tangu saa sita mchana. Umesema nywele zitachukua saa tano, kwa hiyo nina mpaka saa kumi na moja. Nimefanya kazi maisha yangu yote nikiwa na saa ya kufunga ukurasa wa gazeti mbele yangu, na haijawahi kunisumbua. Leo nimeanza mara tatu, na karatasi tatu ziko kwenye pipa la taka. Hii ni ya nne na sitaitupa.

Sitakuandikia juu ya masweta wala pasi ya kusafiria wala ukifika umpigie nani. Baba yako ameyaandika hayo yote, kurasa mbili zilizochapwa kwa Kiingereza na Kijapani, na nakala moja ameificha ndani ya kiatu chako cha mvua. Mimi nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa najua mara nyingi unanijibu kwa Kiingereza na utaisoma barua hii polepole, ukisogeza kidole. Jambo lenyewe lilisemwa kwa Kiswahili. Nataka ulipokee kama lilivyotoka mdomoni mwangu.

Ni hili. Siku ile ulipokaribia kufa, ukiwa na miaka sita, tulikuambia baadaye kwamba mwili wako haukutoa onyo lolote. Umekua ukiamini hivyo. Si kweli. Onyo lilikuwepo na wewe ulilisema. Ulilisema mara mbili, na mimi nilikuamuru uendelee kula.

Nimewafundisha waandishi vijana kwamba jambo kuu linakaa juu ya habari, halifichwi katikati. Basi liko juu. Yanayofuata ni namna lilivyotokea, na kwa nini unalipata leo, siku moja kabla ya ndege, badala ya miaka mingi iliyopita.

Kabla ya siku ile nilikuwa Japani kwa wiki tatu. Tulialikwa waandishi tisa kutoka Afrika kusikiliza hotuba, na hotuba hazikuwa na habari ndani yake. Siku ya pili nilimwomba mkalimani wetu, mama mmoja mtulivu aliyeitwa Bi Sato, anipeleke wanakokula watu wa kawaida. Akaniuliza napenda nini. Nikasema sijui. Akasema, "Basi tuanze na tambi, kwa sababu kila mji utakaofika watakuambia za mji jirani si tambi." Nikaamua kuandika juu ya hizo.

Tulianza Fukuoka, kusini. Supu yao huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe mpaka inakuwa nyeupe kama maziwa, na tambi ni nyembamba sana. Mtu akikaa, anasema mwenyewe anataka ziwe ngumu kiasi gani. Wenyeji wengi wanazitaka ngumu, karibu mbichi. Akizimaliza na supu ikabaki, anaitisha tambi tupu, na mpishi anazitumbukiza kwenye supu ileile. Mimi sikujua. Nilikunywa supu yote hadi tone la mwisho, kwa heshima, kama tunavyofuta mchuzi kwetu, kisha nikaitisha tambi nyingine kama niliyekaa naye. Mpishi alikuja na chujio lake, akatazama bakuli langu, akanitazama mimi.

"Anauliza azimwage wapi," Bi Sato alisema.

Kutoka hapo tulikwenda Takamatsu, mji uleule unakokwenda wewe kusomea mabwawa. Sikujua wakati huo kwamba siku moja mtoto wangu ataishi huko. Niliona tu kwamba mvua ni haba na kila shamba lina bwawa lake, na kwamba watu wanakula udon asubuhi kama sisi tunavyokunywa chai. Udon ni tambi nene za ngano, maji na chumvi, laini kwa nje na zenye kukataa kidogo ukiziuma. Katika duka tuliloingia, mteja anapewa tambi zake kwenye bakuli, anazitia mwenyewe kwenye kikapu chenye mpini, anazizamisha kwenye maji ya moto, anazikung'uta, anafungulia supu kwenye bomba na kujinyunyizia vitunguu vya majani. Kisha anakaa na kuzivuta kwa sauti. Bibi yako kule kwetu Wundanyi angewafukuza wote mezani. Bi Sato alinieleza kwamba kuvuta hivyo kunapoza tambi na kupandisha harufu puani, na anayekula kimya huonekana kama hajapenda.

Nilijaribu kumhoji fundi bomba mmoja aliyekuwa kando yangu. Nilimuuliza alianza lini kula pale. Alijibu neno moja bila kuinua kichwa.

"Amesema nini?"

"Amesema zinalowa," Bi Sato alinijibu. "Ule kwanza."

Fundi alimaliza kabla sijapata kuandika jina la duka, akarudisha bakuli mwenyewe, akaondoka.

Huko Nagano, milimani, ndiko nilikoijua soba. Soba ni mmea wenye mbegu nyeusi za pembe tatu. Si ngano wala si jamaa ya ngano, na kwetu haulimwi. Unga wake unatoa tambi za rangi ya kijivu. Wenyeji huzila baridi juu ya kijamvi cha mianzi na kuchovya ncha tu kwenye mchuzi, ili wasizizamishe na kupoteza harufu. Wakimaliza, wanaletewa maji yaliyochemshia tambi, wanayamimina kwenye mchuzi uliobaki na kuyanywa. Niliyanywa. Yalikuwa mazito kidogo, kama uji ulioongezwa maji. Yakumbuke maji hayo, nitayarudia.

Mwisho tulifika Morioka, kaskazini, ambako wana namna ya kula soba ambayo sijaiona pengine. Unakaa, unapewa bakuli dogo lenye kifuniko kando yake. Nyuma yako anasimama mhudumu na sinia la vibakuli, kila kimoja kina tambi za kumeza mara moja tu. Unapomeza, anakutupia nyingine kabla hujaweka bakuli chini, huku akiita kwa sauti ya kukuhimiza. Ukimeza hiyo, anatupa nyingine. Hakuulizi kama umeshiba. Njia pekee ya kumzuia ni kufunika bakuli lako, na uwe mwepesi, maana akikuwahi na kutupa, lazima ule.

Wenzangu walifunika mmoja mmoja. Mimi sikufunika. Nimelelewa na mama ambaye mgeni wake hakuwahi kumwambia basi. Anayepakua ndiye anayejua umeshiba. Kufunika chakula mbele ya uso wa mtu anayekupa, mkono wangu ulikataa. Vibakuli vitupu vilipangwa mbele yangu mpaka sikumwona aliyekaa upande wa pili.

Mwandishi mwenzangu kutoka Bujumbura, Deo, alianza kwa kucheka na akaishia kuogopa. "Dada, funika! Utafia hapa, na mimi sijui kuandika tanzia."

"Ataona nimemdharau."

"Ataona umekufa!"

Nilimgeukia yule mhudumu. Alikuwa msichana wa umri wako wa sasa. Nadhani aliyaona machozi yangu, kwa sababu alisimamisha mkono, akainama na kumwambia Bi Sato jambo kwa upole.

"Anasema anasikitika," Bi Sato alisema, "lakini yeye haruhusiwi kukufunikia. Atakuwa amekukatiza. Kifuniko ni cha anayekula."

Nikafunika. Niliiandika habari hiyo vizuri na wasomaji wa nyumbani waliniandikia kwamba wamecheka sana. Sikuielewa hata kidogo. Nilinunua bakuli moja la aina ile, jeusi kwa nje na jekundu kwa ndani, na kifuniko chake, na pakiti tatu za soba kavu kwa ajili yako.

Nilirudi Ijumaa. Uliniamkia, "Shikamoo," kama mgeni aliyepita njiani, ukakimbilia kwa baba yako. Wiki tatu kwa mtoto wa miaka sita ni nyingi. Ilinichoma, na nakuambia kwa sababu ni sehemu ya habari, wala si utetezi. Jumamosi adhuhuri nilichemsha zile tambi. Baba yako alikuwa chuoni akisimamia mitihani. Mama Furaha, ambaye wakati huo alikuwa amepanga vyumba vya nyuma katika nyumba hii hii na cherehani yake ndiyo iliyokuwa ikituamsha asubuhi, alikuja kukupima sare ya shule. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, utepe wake wa kupimia umening'inia shingoni, akisubiri umalize kula.

Ulikula kidogo ukaacha.

"Mama, ulimi unawasha."

"Ni ladha mpya tu. Kula."

Ukala mara mbili zaidi.

"Mama, kooni kuna kitu kama nywele."

"Wakesho, usiniringie. Nimebeba chakula hiki kutoka upande mwingine wa dunia. Kwetu hatusazi."

Ulinitazama. Siyo kwa hasira. Ulinitazama kama mtu anayeuliza kama yeye ndiye amekosea juu ya ulimi wake mwenyewe. Kisha ukala mara nne zaidi. Najua ni nne kwa sababu nilikuwa nikihesabu, na nilikuwa na furaha.

Midomo ilivimba kwanza. Nilidhani umepakaa mchuzi, nikachukua kitambaa kukufuta. Mama Furaha ndiye aliyenisukuma kando. "Mama Wakesho, mutoto anavimba! Angalia macho! Viatu ya nini? Mubebe! Mubebe vile vile!"

Alituendesha kwa pikapu ya mumewe. Ulikuwa mapajani mwangu na sauti yako ilikuwa imekuwa nyembamba kama ya filimbi. Nakumbuka nilisema, "Robot, Mama Furaha, robot ni nyekundu," na yeye akasema, "Acha robot," akapita. Taa nyekundu alizopita zilikuwa mbili. Nimewahi kuwa mtaani Alexandra, hapa Johannesburg, watu wakichomewa nyumba na nikaandika majina yao bila kukosea herufi moja. Siku hiyo mlangoni pa hospitali nililiandika jina lako vibaya.

Walikuchoma sindano ya paja, na pumzi ikarudi. Baba yako alifika akiwa bado ameshika kalamu ya ubao. Daktari, mwanamke kijana, alikuwa akijaza fomu. Aliuliza kwa Kiingereza kama mtoto alilalamika kwanza, mdomo kuwasha au koo kukaza. Nilimsikia vizuri. Baba yako alihangaika hivi kwamba alinitafsiria, kana kwamba mimi sijui Kiingereza.

"Alisema kitu, Mama Wakesho? Mtoto hakusema kitu?"

"Hakusema," nilimjibu. "Ilikuja ghafla."

Daktari akaandika. Nyuma yangu kwenye benchi alikaa Mama Furaha na utepe wake shingoni. Alisikia kila neno.

Vipimo vilionyesha ni soba, na ni soba peke yake. Baba yako alifurahi. Alisema tunaishi Johannesburg, nani atakupa soba hapa. Lakini ile sentensi ya fomu ilihama nasi. Iliingia kwenye faili la shule, kwenye kadi uliyovaa shingoni safari za darasa, kwenye kila barua ya daktari: inakuja ghafla, bila dalili za awali. Iliingia ndani yako pia. Nilikuona ukienda kwenye sherehe za rafiki zako na kikopo chako cha chakula, na nikasikia walivyokuita Makopo. Nilikuona ukikataa safari ya Durban. Ulipokuwa na miaka kumi na minne uliniuliza nikiwa naosha vyombo, "Mama, kwa nini mwili wangu hauniambii?" Nikakujibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa na jibu mkononi, Wakesho, nikamsingizia Mungu.

Kila mwaka niliojiambia nitakuambia, niliona imeshachelewa kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Ndivyo uongo wa neno moja unavyofanya kazi. Nimewahi kuwaandika watu waliofanya hivyo kwa mambo makubwa, na nikawashangaa.

Sasa Jumapili iliyopita. Tulikuwa mezani kwa ajili ya kukuaga, na dada mmoja wa kanisani alileta vile vikeki vyake vya asali. Uliuma kimoja. Nikaona kidole chako kinagusa mdomo. Nikaona umeacha kutafuna. Ukanitazama mimi, ng'ambo ya meza, kwa macho yaleyale ya miaka sita, na mimi sikufanya ishara yoyote, kwa sababu nilikuwa nimeganda. Ukameza. Ilikuwa tangawizi tu. Nilipokuuliza baadaye ulisema, "Eish, Mama, niko sharp. Singeweza kutema mbele ya mtu."

Mama Furaha alikuwa mezani pia. Alhamisi alileta koti alilokushonea, akalitundika mlangoni, akakaa bila kukaribishwa.

"Ulimuambia?"

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mujinga. Mi nilikuwa pale na metre yangu kwa shingo. Miaka yote nimenyamaza juu ulikuwa unalia. Sasa hauko unalia. Mutoto anaenda kwa inchi ya ile chakula."

"Nitamtia hofu, Mama Furaha. Anaondoka Jumapili."

"Hofu iko nayo tayari. Jumapili alikuangalia weye mbele ya kumeza. Nani alimufundisha vile?"

Akanyoosha mkono wa koti, akakata uzi kwa meno, akaondoka.

Leo asubuhi nilimwambia baba yako kwanza, kwa sababu kosa likirekebishwa linarekebishwa kwa wote waliolisoma. Alikuwa mezani akipitia zile kurasa zake mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu akaitafuta ile sentensi, akaifuta kwenye Kiingereza. Alipofika upande wa Kijapani alisimama, kwa sababu hakujua ni mstari upi. Hapo ndipo alipozungumza.

"Miaka kumi na sita, Mama Wakesho."

Akatoka kwenda kupanga foleni ya maji; lori la maji limeegeshwa kona ya juu, bomba zetu bado zimekauka. Amesharudi na kumwaga ndoo na kuondoka tena mara tatu. Namsikia sasa hivi akiburura ndoo uani.

Nina woga wa mambo mawili na nitayataja kwa ufupi. La kwanza ni kwamba ukimaliza kusoma hutanitazama tena, na hilo ni haki yako. La pili ni kubwa zaidi, nalo ndilo lililonifanya nisitupe karatasi hii.

Simwogopi mtu mbaya utakayekutana naye Takamatsu. Namwogopa mkarimu. Mtu mkorofi atakuuliza kwa nini huli, nawe utakasirika na kumjibu. Mkarimu atakupakulia. Itakuwa mwishoni mwa mwaka, ambapo Wajapani wengi hula soba usiku wa mwisho, na ingawa watu wa mji wako mpya wengi wao watakula udon kwa sababu ni watu wa udon, kutakuwa na mama mmoja aliyeolewa kutoka milimani aliyekanda soba kwa mikono yake kwa ajili ya mgeni kutoka Afrika. Au haitakuwa soba. Itakuwa udon yako uliyoizoea, katika duka linalouza zote mbili na kuzichemsha kwenye sufuria moja, katika maji yale yale niliyokuambia uyakumbuke. Au utalala kwa rafiki na kupewa mto wa kulalia uliojazwa maganda ya soba, maana wanayatumia hivyo, nami nililalia mmoja bila kujua kilichomo. Na utapita mbele ya sahani zenye jina la soba ambazo hazina soba ndani, kama zile za kukaanga na zile za visiwa vya Okinawa, ambazo kwa kawaida ni ngano, na watu watakucheka kwa kuziuliza. Waulize hivyo hivyo. Mapishi hutofautiana na mimi sikuonja kila duka.

Siwezi kukuahidi kwamba mwili wako utakuonya kila mara. Daktari alisema mambo haya hubadilika, na sindano zako zibaki mfukoni kama baba yako alivyoandika. Nakuambia tu kilichotokea. Mtoto wa miaka sita aliye mbele ya mama yake, mbele ya chakula kilichotoka mbali, alijua na akasema, kwa maneno yaliyo sahihi kuliko ya kitabu cha udaktari. Ulimi unawasha. Kooni kuna kitu kama nywele. Sijawahi kupata shahidi bora kuliko yule katika kazi yangu yote, na ndiye niliyemnyamazisha.

Wengi watakuambia kwamba huko ni nchi ya adabu na mgeni hasemi hapana. Mimi nilikuwa huko wiki tatu tu, sijui mengi. Lakini nimerudi kwenye daftari zangu wiki hii na nimeona kitu ambacho sikukiandika gazetini. Kule Fukuoka anayekula ndiye anayesema tambi ziwe ngumu kiasi gani. Takamatsu anazichemsha mwenyewe. Nagano anaamua mwenyewe achovye kiasi gani na amimine maji kiasi gani. Morioka wamefika mbali zaidi, wakampa kabisa kitu cha kushika mkononi, wakamwekea mezani kabla hata chakula hakijaja. Aliyekosa adabu pale ni mimi, niliyemlazimisha msichana wa watu asimame nyuma yangu akinitupia chakula huku akiona naumia.

Sikuwahi kulitumia lile bakuli. Tangu siku ya hospitali limekuwa nyuma ya debe la unga, limefungwa kwenye gazeti lenye habari yangu. Nimelitoa leo nikaliosha kwa maji ya ndoo. Bakuli litabaki hapa, maana liliwahi kuwekwa karibu na zile pakiti na sitaki kubahatisha. Kifuniko kilikuwa kwenye karatasi yake tangu Morioka, hakijagusa chakula. Nimekiosha mara tatu.

Umenitumia ujumbe sasa hivi. Umesema msusi amebakiza upande wa nyuma tu, umesema shingo inakuuma, umeuliza kama kuna chakula. Sijakujibu. Ni saa kumi na nusu.

Kama kesho hutaki niwe kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege, mwambie baba yako, atanieleza. Nitabaki nyumbani na sitauliza. Ukitaka niwepo nitakaa nyuma, na unaweza kuniuliza lolote kuanzia hapa mpaka pale, na nitajibu lililo kweli, hata kama gari zima litasikia. Mama Furaha amesema atakuja hata tusipomwita.

Nimepika ugali, sukumawiki na nyama kidogo. Chako kiko mezani, na barua hii iko chini ya sahani. Kifuniko kiko upande wa kulia, unakoweka mkono. Kula kwanza au soma kwanza, utakavyo. Usimalize kwa sababu yangu. Ukitosheka, au ukionja tu na usipende, funika, na mimi nitaondoa vyombo.

Mama yako